Adelaide hadi Perth kwa gari na familia: tupange safari kwa jua

Baba Tumaini (Adelaide)

Wakuu, habari za jioni. Likizo ya shule ya Julai inakaribia na ndugu wengi wa hapa Adelaide wananiuliza habari za kwenda Perth kwa gari. Wengine wana harusi kule, wengine wanamfuata mtoto aliyehamia kwa kazi za migodini, wengine wanataka tu watoto waione nchi waliyozaliwa. Nimeona niandike kwa urefu mara moja, na mliopita njia ile mjazie nyama.

Swali la kwanza huwa "ni kilomita ngapi?" Ni kama 2,700. Mtu akishaisikia hiyo anatoa kalamu, anagawa kwa 110, ambayo ndiyo spidi ya juu inayoruhusiwa, anapata saa ishirini na tano hivi. Kisha anasema siku mbili na nusu zinatosha, mimi na mama watoto tutapokezana usukani. Hapo safari imeshaharibika na bado gari liko uani.

Mimi naomba kila familia ianze na swali jingine: jua linazama saa ngapi pale tutakapolala? Barabara hii ikishaingia giza si ya gari dogo lenye watoto. Kangaruu wanatoka kula alfajiri na magharibi, na usiku wanazurura pembezoni mwa lami. Wombati ni mfupi na mzito kama gunia la mchele, humwoni mpaka umeshafika. Ngamia wa porini nao wapo. Ukimgonga kangaruu mkubwa kwa spidi ya 110, rejeta imekwenda, na kituo cha karibu kinaweza kuwa kilomita 90 mbele. Malori yanatembea usiku kwa sababu yana vyuma vizito mbele. Wewe huna. Kampuni nyingine za kukodisha magari zinaandika kabisa kwenye mkataba kwamba bima haifanyi kazi ukiendesha usiku nje ya miji, kwa hiyo soma karatasi zote kabla ya kusaini.

Sasa hesabu. Mwanzoni mwa Julai, pale Ceduna, mji wa pwani ulio njiani, jua linachomoza saa moja na nusu na ushei asubuhi na linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mchana wote ni wa saa kumi. Toa saa moja asubuhi na saa moja jioni kwa ajili ya wanyama, zinabaki nane. Toa mbili za kujisaidia, kula, kujaza mafuta na mtoto aliyetapika. Zinabaki sita. Kwa mwendo halisi wa 90 kwa saa unapata kilomita 540. Hiyo ndiyo siku yako, na ukiivuta ifike 800 unaikopa kutoka gizani.

Kingine ambacho watu hawakihesabu ni kwamba saa zenyewe zinabadilika njiani. South Australia, jimbo letu la Adelaide, iko mbele ya Perth kwa saa moja na nusu wakati wa baridi, na saa mbili na nusu wakati wa kiangazi, kwa kuwa Western Australia, jimbo la Perth, haisogezi saa zake. Katikati, kuanzia Border Village, kituo cha mpakani mwa majimbo haya mawili, mpaka karibu na Caiguna, wenyeji wana saa yao ya pekee: wakati wa baridi wako nyuma ya South Australia kwa dakika 45 na mbele ya Perth kwa dakika 45. Simu nyingi haziijui saa hiyo. Ukifika Norseman, mji ulio mbele zaidi ya hapo, ambako saa ni za Perth, jua la Julai linazama saa kumi na moja jioni kamili. Aliyezoea Adelaide anadhani bado ana nafasi, kumbe kangaruu wameshaanza kazi.

Kwa hesabu hiyo nimepanga siku saba. Nitaziweka chini kwenye posti inayofuata. Nawasilisha.

Baba Tumaini (Adelaide)

Siku ya kwanza: Adelaide, Port Augusta, Kimba. Kama kilomita 465. Port Augusta ndiyo nafasi ya mwisho ya duka kubwa la bei ya kawaida, jaza maji ya kunywa pale. Nasema maji kwa msisitizo na nitarudi kueleza kwa nini. Kimba ni mji mdogo wa wakulima wa ngano, wana bango linalosema umefika nusu ya Australia na sanamu kubwa la kasuku wa waridi ambalo watoto watataka kupigwa nalo picha. Wape hiyo picha, kesho inaanza mapema.

Siku ya pili: Kimba hadi Ceduna, kama 310 tu. Najua kuna mtu atasema ni fupi mno. Iacheni iwe fupi. Ceduna iko baharini, kuna gati la kutembea na chaza wazuri, na mnapata mchana mzima wa watoto kukimbia. Siku ndefu zinakuja. Jioni hiyo pika kila tunda na kila mboga mliyobaki nayo, au mle, maana mpakani hazivuki.

Siku ya tatu ndiyo roho ya safari: Ceduna hadi Eucla, kama 490, bila kuhesabu kuchepuka kwenda Head of Bight. Kuanzia Penong miti inapungua, mkifika uwanda wa Nullarbor wenyewe hakuna mti kabisa. Waelezeni watoto sababu, wataikumbuka maisha: ardhi ile yote ni chokaa, takriban kilomita za mraba 200,000 za mwamba mmoja. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja chini kwenye mapango, haikai juu ikawa mto au bwawa. Ndiyo maana hamtavuka daraja hata moja uwandani, na ndiyo maana nimesema bebeni maji. Vituo vya barabarani vinapata maji kwa shida, mengine yanasafishwa chumvi kutoka visimani. Usitegemee kwenda na dumu kuomba wakujazie. Hata kuoga mara nyingi ni kwa kulipia.

Head of Bight iko kama kilomita 12 kutoka barabara kuu, njia yote ni lami, kiingilio kipo. Kuanzia Mei hadi Oktoba nyangumi wanaingia pale kuzaa na kunyonyesha. Julai ni wakati wake hasa. Unasimama juu ya genge kwenye ngazi za mbao, na chini yako, karibu kabisa na ufuko, mama nyangumi amelala juu ya maji na mtoto wake ubavuni. Mtoto anazunguka, anapita juu ya mgongo wa mama, anateleza upande wa pili, anarudia tena. Mama hatikisiki. Upepo ukitulia unasikia pumzi zao. Hapa msiwe na haraka. Mkitoka Ceduna jua likishapanda, bado mna saa moja na nusu nzima ya kukaa pale na mkafika Eucla kukiwa kweupe, na mpakani mnazawadiwa zile dakika 45 za saa. Lakini msidanganywe na saa ya ukutani, tazameni jua lenyewe, halisogei kwa ajili ya mpaka.

Kati ya Nullarbor Roadhouse na mpaka kuna sehemu rasmi za kuchepuka kuona magenge ya Bunda, nchi inakatika ghafla na bahari iko chini makumi ya mita. Shika mtoto mkono. Ukingo ule ni mwamba unaomeguka na si kila mahali pana uzio.

Siku ya nne: Eucla hadi Balladonia, kama 520. Asubuhi nendeni kwanza kwenye magofu ya kituo cha simu za maandishi, kilifunguliwa 1877 na sasa kimezama nusu kwenye mchanga. Sungura walioletwa na wageni walikula majani yaliyoshikilia vile vilima vya mchanga, mchanga ukaanza kutembea. Baada ya hapo ni Mundrabilla, Madura, Cocklebiddy, Caiguna. Kutoka Caiguna mnaingia kwenye kipande kilichonyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja. Kabla ya kukianza, dereva abadilishwe hata kama hajachoka. Kwenye barabara hiyo hiyo mtaona alama nyeupe zimechorwa upana wa lami: hapo ndege za madaktari wa Royal Flying Doctor Service hutua usiku au mchana kumchukua mgonjwa. Balladonia kuna makumbusho madogo ndani ya kituo, yanaeleza jinsi kituo cha anga cha Marekani, Skylab, kilivyoanguka eneo lile 1979.

Siku ya tano: Balladonia, Norseman, Kalgoorlie, kama 380. Siku ya sita pumzikeni Kalgoorlie. Siku ya saba Kalgoorlie hadi Perth, kama 595. Hiyo ya mwisho inazidi kidogo kipimo changu, ila mmeshapumzika siku nzima na mnapita miji ya karibu karibu.

Shamsa wa Salisbury

Asante sana kaka, Mungu akulipe. Sisi tuna watoto watatu, mdogo ana miaka mitatu, mkubwa minane. Nina maswali ya mama wa nyumbani. Moja, chakula: sisi hatuli kila nyama, vituo vile tutapata nini? Mbili, viti vya gari kwa watoto, mume wangu anasema wa miaka mitano anaweza kukaa mbele ili mimi nikae nyuma na mdogo. Tatu, vyoo.

Baba Tumaini (Adelaide)

Dada Shamsa, maswali yako ndiyo ya maana kuliko yote.

Viti kwanza kwa kuwa ni sheria, na ni ile ile majimbo yote mawili. Chini ya miezi sita, kiti kinachotazama nyuma. Miezi sita hadi miaka minne, kiti chenye mikanda yake, kikitazama nyuma au mbele. Miaka minne hadi saba, kiti chenye mikanda yake au kile cha kumwinulia mtoto. Chini ya miaka minne hakai mbele kabisa kwenye gari lenye viti vya nyuma. Wa miaka minne hadi saba anaruhusiwa mbele pale tu viti vya nyuma vimejaa watoto wengine wa chini ya saba. Kwa hiyo shemeji aelewe: wa mitano anabaki nyuma. Wa miaka minane ndiye anayeweza kukaa mbele ukitaka wewe ukae na mdogo. Na kupakata mtoto, hata kwa kilomita mbili tu ili alale, hakuna.

Chakula: vituo vingi ni chipsi, baga, pai na mayai. Pika mwenyewe. Sambusa, chapati, maandazi, wali wa nazi kwenye sanduku la barafu, kuku wa kukaanga kwa siku mbili za mwanzo, kisha samaki wa kopo. Chakula kilichoiva hakina tatizo mpakani. Kinachokatazwa kuingia Western Australia ni matunda mabichi, mboga mbichi, asali, mbegu, mimea na udongo. Kituo cha ukaguzi kiko Border Village, saa 24, wanafungua buti na sanduku la barafu. Asali ndiyo inayowashangaza watu wetu, mama amebeba chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto aliyotengeneza na asali na ndimu. Sema kabla hujaulizwa. Ukitangaza, wanachukua kitu na unaendelea na safari. Ukificha ni faini. Na mbegu za mchicha au bamia za bustanini kwa shangazi wa Perth, ziache nyumbani.

Vyoo: vipo kila kituo, na kwenye baadhi ya sehemu za kupumzikia. Kati ya kituo na kituo umbali mrefu zaidi ni kama kilomita 190, Balladonia hadi Norseman. Kwa mtoto wa miaka mitatu huo ni muda mrefu, beba poti ndogo yenye mfuko. Ukisimama porini, simama sehemu rasmi iliyojengwa, usisimame ukingoni mwa lami.

Dereva wa Trela

Naunga mkono hoja ya mleta uzi kuhusu giza. Niongeze yale tunayoyaona sisi tukiwa juu kwenye malori.

Malori ya trela mbili ya njia ile yanafika mita 36.5. Kulipita moja kwa 110 wakati lenyewe liko 100 kunakula karibu kilomita nzima ya barabara, na gari linalokuja kutoka mbele nalo linakula kiasi hicho hicho, kwa hiyo uone kama kilomita mbili tupu mbele yako. Ukiwa na karavani nyuma, sahau, subiri sehemu ya kupitana. Likija lori kutoka mbele, shika usukani vizuri kwa mikono miwili, upepo wake utalisukuma gari lako nje kidogo kisha utalivuta ndani. Lori likitaka kukupita, baki kwenye mstari wako, shikilia mwendo, mpunguzie tu akishaanza kutoka. Usikimbilie kwenye changarawe ya pembeni, ndiko madirisha yanakopasuka na ndiko watu wanakopinduka.

Nunua au azima redio ya mawasiliano ya UHF, weka chaneli 40. Tutakuambia kama kuna mzigo mpana unakuja, na tutakuambia kama nyuma kuna mnyama aliyelala barabarani.

Mnyama akitokea: breki, usukani umenyooka. Naandika hili kwa uchungu maana nimeyaona matokeo. Mtu anamkwepa kangaruu, gari linaingia kwenye changarawe, linarudi, linapinduka. Gari lililogonga mnyama likiwa limenyooka mara nyingi watu wake wanatoka kwa miguu yao.

Matairi: angalia na tairi la spea lina upepo, na jeki ipo na inafika chini ya gari lililojaa mizigo. Upepo wa njia ile mara nyingi unatoka magharibi, ukienda Perth unakupiga usoni, na mafuta yanakwenda kuliko ulivyozoea. Ukifika nusu ya tenki, jaza. Bei ya katikati ni kubwa sana ukilinganisha na mjini. Ilipe tu, usicheze kamari ya kufika kituo kinachofuata.

Na jua. Ukielekea magharibi, saa mbili za mwisho za mchana jua liko machoni mwako moja kwa moja. Kioo cha mbele kikiwa na vumbi na wadudu huoni kitu. Futa kioo kila unapojaza mafuta, ndani na nje. Hiyo peke yake inatosha kukufanya ufuate ratiba ya mkuu hapo juu.

Msafiri254

Habari zenu nyote, naandika nikiwa Melbourne. Nauliza kwa nia njema kabisa: ndege Adelaide hadi Perth ni kama saa tatu na zaidi kidogo. Mkipiga hesabu ya mafuta, malazi ya usiku sita na chakula, familia ya watu watano inaokoa nini? Na mnawaweka watoto hatarini. Si afadhali waende kwa ndege, wakodi gari kule?

Baba Tumaini (Adelaide)

Kaka, hoja yako ni nzito na naijibu kwa uzito. Kwa pesa, huokoi. Ukilala kwenye vyumba vya vituo kila usiku na ukaweka mafuta ya katikati, unaweza kuzidi tiketi za ndege kirahisi. Anayekwenda kwa gari ili kubana matumizi abadilishe mpango leo.

Na nakubali wapo ambao ndege ndiyo jibu lao: mwenye mtoto mchanga, mwenye mama mjamzito wa miezi ya mwisho, mwenye dereva mmoja tu, na yeyote ambaye hana siku saba kamili za kwenda. Likizo ya wiki mbili kwenda na kurudi kwa gari haikuachii siku za kukaa na ndugu. Familia nyingi ninazozijua zinakwenda kwa gari, mzazi mmoja analirudisha taratibu na rafiki, wengine wanarudi kwa ndege. Au wanakodi gari la njia moja. Hapo ulizia ada ya kuliacha mji mwingine, huwa kubwa, na ulizia kikomo cha kilomita.

Lakini kuna kitu ndege haimpi mtoto. Watoto wetu wamezaliwa hapa na bado wanaulizwa shuleni "wewe unatoka wapi hasa?" Mimi nataka mtoto wangu aweze kusema: nimeivuka nchi hii, nimewaona nyangumi wa Head of Bight, najua Wamirning ndio wenye pwani ile tangu zamani, najua kwamba Edward John Eyre, mvumbuzi Mwingereza ambaye barabara hii ya Eyre Highway imeitwa jina lake, alifika Albany 1841 kwa sababu alikuwa na Wylie, kijana Mnoongar, wenyeji wa asili wa kule Albany, aliyemaliza naye njia. Mtoto anayejua hayo hatikiswi na swali lile. Kwangu hiyo ina thamani, na ndiyo maana niko mkali kuhusu giza: nataka afike salama.

Mkongo wa Mirrabooka

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Perth. Karibuni kwetu. Naongeza ya upande huu.

Kwa sisi tuliotoka Congo, Burundi na Rwanda, huko nyumbani tuliendesha upande wa kulia. Hapa ni kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Mjini magari mengine yanakukumbusha. Kule uwandani hakuna gari lingine. Ukitoka kituoni asubuhi, umechoka, hakuna mtu mbele wala nyuma, mkono unakwenda wenyewe kulia. Mke wangu huwa ananiambia kwa sauti, "kushoto, papa", kila tunapotoka sheli. Muwe na mtu wa kazi hiyo.

Kalgoorlie msikae tu hotelini. Kuna sehemu ya juu ya kutazama mgodi wa dhahabu wa Super Pit, malori makubwa ya chini yanaonekana kama ya kuchezea. Na kuanzia pale hadi karibu na Perth, pembeni mwa Great Eastern Highway, mtaona bomba kubwa la maji likiwasindikiza. Lina zaidi ya kilomita 500, linapandisha maji kutoka bwawa la Mundaring hadi Kalgoorlie, tangu 1903. Mhandisi wake, C. Y. O'Connor, alifariki 1902, hakuyaona maji yakifika. Watoto wangu walilitazama lile bomba njia nzima, wakiuliza linaingia wapi na linatokea wapi, na nikawa na la kuwajibu.

Mkikaribia Perth mnashuka mlima wa Greenmount. Mkishuka saa kumi jioni jua liko usoni, malori yako pembeni, na ghafla kuna taa za barabarani baada ya mwendo mrefu bila taa. Tokeni Kalgoorlie mapema mfike saa tisa.

Na kwa wanaorudi kwa gari: kuelekea mashariki ukaguzi wa matunda uko Ceduna, si mpakani. Na saa zinawageukia, mnapoteza muda badala ya kuongezewa. Pangeni siku za kurudi ziwe fupi zaidi.

Shamsa wa Salisbury

Ahsanteni sana wote. Shemeji yenu amesoma na amekubali wa mitano abaki nyuma. Maswali mawili ya mwisho. Simu inashika? Na sisi tunaosali, magharibi itakuwa saa ngapi kule katikati kama simu haijui saa?

Baba Tumaini (Adelaide)

Dada, simu inashika karibu na vituo na miji, kati yake kuna vipande virefu bila kitu. Mtandao wa Telstra ndio wenye eneo kubwa kuliko mingine, angalau simu moja ya familia iwe na laini yake. Pakua ramani ziwe ndani ya simu kabla hamjatoka. Kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kinakodishwa, na kwa familia yenye watoto mimi nakihesabu pamoja na tairi la spea. Namba ya dharura ni 000. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari mtumie ndugu mmoja ujumbe: tunatoka hapa, tunalala pale, tukikaa kimya mpaka saa mbili usiku piga kituo cha tunakolala.

Kuhusu sala, msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza, kwa hiyo adhuhuri na alasiri mnazisali pamoja kwenye mapumziko ya mchana. Magharibi msitegemee programu ya simu, inaweza kuwa nyuma au mbele kwa dakika 45. Nchi ni tambarare mpaka mwisho wa jicho, jua mnaliona likizama lenyewe. Wakati huo mtakuwa mmeshafika, gari limezimwa.

Msafiri254

Nimekuelewa, kaka, na nimebadilisha mawazo kidogo. Na mtu akitaka kwenda Desemba je, likizo ndefu?

Baba Tumaini (Adelaide)

Desemba mchana ni mrefu, hilo ni zuri. Joto ndilo baya. Nullarbor ilipimwa nyuzi 49.9 Desemba 2019. Gari likizimika kwenye joto hilo mtoto hana saa nyingi. Na mwisho wa mwaka huo huo moto wa porini ulifunga barabara kuelekea Norseman na Coolgardie kwa karibu wiki mbili, wasafiri wakakwama kwenye vituo. Ukienda kiangazi, beba maji mara mbili, angalia taarifa za moto na za barabara kila asubuhi, na uwe na siku za akiba. Nyangumi pia watakuwa wameshaondoka. Kwa familia mimi nachagua Julai, au Septemba mwishoni: nyangumi bado wapo na mchana umeongezeka.

Dereva wa Trela

Septemba mwishoni ni nzuri sana, na Western Australia maua ya porini yanakuwa yamefunguka.

Shamsa wa Salisbury

Tumeamua Julai, siku saba kama zilivyo. Naanzia wapi kubuku? Nina jioni ya leo tu watoto wakilala.

Baba Tumaini (Adelaide)

Anza na Balladonia, kisha Eucla. Vyumba ni vichache na hakuna mji wa pili wa kukimbilia, na likizo za majimbo yote mawili mara nyingi zinaangukia wakati mmoja. Piga simu, omba chumba cha familia, waulize na jiko linafungwa saa ngapi na kwa saa ya wapi. Hizo mbili zikikubali tarehe zako, ndipo ushike Ceduna na Kimba kurudi nyuma, na Kalgoorlie mbele. Zikikataa, sogeza safari yote kwa siku moja, usiruke kituo. Ukishapata, niandikie hapa tarehe zenu, kuna familia mbili nyingine zinatoka wiki hiyo na mnaweza kuongozana.